Gari Walilolilamba Mbuzi

Ng'ombe walikuwa saba. Nawataja mwanzo kwa sababu wao ndio waliokuwa wakitakiwa, na neno la mwisho juu yao lilikuwa langu. Marehemu mume wangu aliniachia kumi na mmoja. Wanne walikufa katika ile mvua ya El Nino, kwato zimeoza kwa matope, jambo ambalo sikupata kuliona Ndavaya tangu nizaliwe, maana kwetu ng'ombe hufa kwa kiu.

Aliyewataka ni mjukuu wangu, Kombe. Nilimlea mimi, mama yake alipofariki akimwacha na miaka minne. Alisoma, akashuka pwani, akawa dereva wa hoteli moja ya Diani, kazi yake kuwapeleka Wazungu kutazama ndovu. Kisha ikaja ile Agosti ya fujo, watu wakauana Likoni na Ukunda, nyumba za watu wa bara zikachomwa, na Wazungu wakaacha kuja. Hoteli ikafunga. Kombe akarudi nyumbani na sanduku moja na shati la kazi lenye jina lake kifuani. Mwaka mzima alilivaa shati lile akichunga.

Mwezi wa tisa mwaka uliofuata ikaja barua. Iliandikwa na Wazungu wawili, mtu na mkewe, wazee, ambao Kombe aliwahi kuwaendesha mara tatu. Walisema watakuja Januari na hoteli hawaitaki. Walitaka kulala kwenye mahema siku kumi na mbili, kutoka Diani wapite Kinango, waingie Tsavo, wafike hadi chini ya Kilimanjaro, na kiongozi wao awe Kombe peke yake. Wakiridhika, jamaa zao wanane watakuja Julai. Mwisho wa barua waliuliza neno moja tu: je, unalo gari la kuaminika?

Kombe akajibu kwamba analo.

"Umewaambia unalo?" nikamwuliza.

"Nitakuwa nalo, bibi. Januari ni mbali."

"Na ukilikosa?"

"Basi nitachunga mpaka nife," akasema, akajifanya kucheka. Sikucheka. Nilimwona jinsi alivyoikunja ile barua, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kidonge.

Akaanza kutafuta. Kila aliporudi alinieleza, nami nikajifunza mambo ya magari katika uzee wangu. Alisema hataki gari la madirisha ya umeme wala la mataa mengi, kwa sababu likizima kule porini hakuna wa kulifungua. Alitaka la dizeli, la kuvuta miguu yote minne, lenye springi za vyuma, ambalo vipuri vyake hata fundi wa Voi au wa Taveta anavyo. Liwe na paa la kubeba mahema na madebe ya maji. Akaliona moja Likoni, zuri, lakini bei yake ilikuwa ya waziri. Akaliona jingine Kwale mjini, likanywa lita moja ya oili kutoka Kwale hadi Kombani, na huko ni kushuka mlima tu. La tatu, mwenyewe hakutaka boneti ifunguliwe.

"Asiyetaka kufungua mdomo wa ng'ombe anajua meno yameisha," nikamwambia.

"Ndivyo nilivyomwambia, bibi. Akanifukuza."

Ndipo akampata Baya. Huyu Baya ni mtu wa Msambweni, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na salamu ndefu. Alikuwa na Landrova ndefu ya kijani. Alisema ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyekaa Diani, ambaye hakuipeleka popote ila sokoni kwenye lami, na alipohama baada ya fujo akamwachia yeye. Injini ikaguswa mara moja ikawaka. Kombe akaiendesha mpaka Lunga Lunga na kurudi, akaja nyumbani macho yanang'aa, mara ya kwanza tangu Agosti ile.

Bei ilikuwa kiinua mgongo chake chote alicholipwa hotelini, na ng'ombe saba juu yake.

Sikukataa. Nilisema jambo moja. Kwetu, ng'ombe akinunuliwa hulala kwa mnunuzi siku saba, na muuzaji humwachia kamba yake shingoni. Siku ya saba muuzaji akija kuichukua kamba, biashara imekwisha. Kabla ya hapo, ng'ombe akikohoa tu, anarudi alikotoka na hakuna ugomvi. Nikamwambia Kombe, "Gari nalo lilale hapa siku saba. Kamba yake ni ile logbuku, hati ya mwenye gari. Baya akae nayo, na ng'ombe wangu wakae zizini. Siku ya saba alete logbuku, aondoke na ng'ombe."

Baya akalikubali jambo hilo akicheka mpaka kofia ikamwinama. "Mama Kahaso, gari langu halikohoi. Likikohoa nitalibeba kichwani mpaka Msambweni."

Basi Landrova ikaja, ikaegeshwa mbele ya boma. Watu wakatoka nyumba zote. Ndugu yangu Chome, aliye mkubwa wangu na mwenye maneno mengi, akalizunguka gari akilipiga makofi ubavuni kama fahali. Na wakati ule ule mbuzi wakarejea kutoka malishoni. Walipaswa kwenda kwenye birika la maji, kwani jua lilikuwa kali. Hawakwenda. Waliliendea gari, wote ishirini na kitu, wakajipenyeza chini yake, wakaanza kulilamba. Walilamba vyuma vya chini, wakalamba nyuma ya magurudumu, wanapigana vichwa kugombea nafasi.

Watu wakacheka. Chome akapaza sauti, "Tazameni! Hata mbuzi wamemkubali mgeni! Mnangoja nini tena?"

Wote wakanigeukia, kwa sababu neno lilikuwa langu. Nilimtazama Kombe. Amesimama na ufunguo mkononi, amelivaa lile shati, na uso wake ulikuwa ule wa mtoto wa miaka minne aliyenitazama siku ya mazishi kuuliza sasa atakula wapi. Nikachukua maji kwenye kata, nikayatia mdomoni, nikalinyunyizia gari mbele na nyuma, nikalibariki. Mimi, niliyechunga tangu sijaota meno ya pili. Mimi ninayejua mbuzi wa Ndavaya wanavyotembea maili sita kulifuata vumbi la magadi. Niliwaona wakilamba, nikaamini wanakaribisha mgeni, kwa kuwa nilitaka kuamini.

Siku ya pili walilamba. Siku ya tatu Kombe akawafukuza kwa fimbo, wakarudi. Siku ya tano, asubuhi, nilikuwa nikifagia uwanja, nikaona yule mbuzi jike mweusi ametoka chini ya gari na mdomo umepakaa rangi nyeusi, kama lami. Na pale alipokuwa, chini, kumeanguka magamba. Nikaokota moja. Lilikuwa jekundu, jepesi, tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokauka, na nilipolibana kwa vidole likavunjika. Nikalitia ulimini.

Chumvi. Si ya magadi, ile naijua. Ilikuwa ile ya bahari. Nilipata kuionja mara moja maishani, nilipolazwa Msambweni, binti yangu akanipeleka ufukoni nikaoshe mguu.

Nikakaa pale chini na ufagio wangu.

Kombe alipoamka nikamwonyesha. "Gari hili limekuwa likinywa bahari," nikasema. "Halikukaa kwenye lami. Angalia."

Hakutazama. "Bibi, kila gari la pwani lina kutu kidogo."

"Kidogo? Mbuzi wamelamba siku tano na hawajamaliza."

"Bibi!" Sauti ilimpanda. "Umesoma mpaka darasa la tatu. Gari si mbuzi. Injini ni nzima, gia ni nzima, nimelipandisha mlima wa Kwale na mizigo. Wataka nifanye nini? Niwaandikie wale wazee niseme mbuzi wamekataa?"

Mtoto akiwa na hofu humwachi akuvute kwenye kelele. Nilimpa chai, akanywa, kisha nikamwuliza taratibu, "Nani katika wote unaowajua ndiye fundi wa kweli wa magari haya?"

Akasema, akitazama kikombe, "Dishon."

Jina lile nililijua. Miaka ile ya kazi, kila alipokuja likizo lilikuwa Dishon hivi, Dishon vile. Alikuwa mtu wa bara, mwenye gereji Ukunda, jirani yake ukuta kwa ukuta, aliyemfundisha kila kitu anachokijua juu ya injini. Baada ya fujo hakulitaja tena, nami nikadhani ameuawa.

"Yu hai?"

"Yuko Kombani. Ana kibanda pale nyuma ya soko."

"Basi mwite alitazame."

"Siwezi."

Ndipo akanieleza. Jioni ile ya fujo, gereji ilipokuwa ikiwaka, Dishon alikuja na mkewe na watoto wawili wakamgongea mlango. Walimwita kwa jina. Dishon akasema, "Kombe, ni mimi, tufungulie tu mpaka askari waje." Na Kombe akazima taa, akakaa chini nyuma ya mlango, akaziba masikio. Waliochoma walikuwa wamesema atakayemficha mtu wa bara nyumba yake itafuata. Walipona kwa kujificha kwenye mitaro ya mikorosho hadi asubuhi. Dishon alijua kwamba yumo ndani. Alimwona alipozima taa.

"Nitamtazama vipi?" akaniuliza.

 

Siku ya sita niliondoka na basi la alfajiri bila kuaga. Nilifika Kombani jua limeshapanda, nikauliza kibanda cha Dishon, nikaonyeshwa nyuma ya wauza mihogo. Mabati manne juu ya nguzo, na chini yake mtu mrefu, mwembamba, amelala chali chini ya pikapu, miguu tu inaonekana. Kando yake ilisimama Landrova iliyoungua, haina milango, haina viti wala vioo, mwili wote mweusi.

"Hodi," nikasema.

Akatoka akijifuta mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Tunasukuma. Karibu, hiyo debe ndio kiti." Akaligeuza debe, akalipangusa kwa kitambaa, ambacho kilikuwa kichafu kuliko debe lenyewe.

Nikakaa. Sikuona sababu ya kuzunguka. "Mimi ni Kahaso wa Ndavaya. Bibi yake Kombe."

Ile spana aliyoishika akaiweka chini polepole.

"Kombe wa hoteli."

"Huyo."

"Amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja. Angejua angenizuia."

Nikamweleza habari ya barua, na Baya, na mbuzi. Nikafungua pembe ya kanga nikampa lile gamba. Hakulionja. Alilibana kwa vidole, akalinusa, akatikisa kichwa.

"Hii si kutu ya mvua. Hii gari ilikuwa inavuta maboti," akasema. "Wanaishusha mpaka maji inafika kwa ekseli, kila asubuhi, kila jioni. Maji inaingia ndani ya chesisi, inakaa huko. Wewe unaona juu imepakwa rangi, ndani imebaki karatasi. Injini inaweza kuwa mpya, lakini ikigonga shimo moja kule Tsavo, na hizo barabara zimelimwa na El Nino, inakatika katikati. Na watu ndani."

"Njoo umwambie."

"Hapana, mama."

"Njoo umwonyeshe Baya basi."

"Huyo simjui. Ninayemjua ni Kombe." Akainama akaokota spana. "Usinielewe vibaya. Wewe hujanikosea kitu. Lakini kwa Kombe siendi."

Akarudi chini ya pikapu. Mimi nikabaki kwenye debe. Adhuhuri ikapita, nikabaki. Mtu akaja kuchukua pikapu yake, nikabaki. Dishon akanunua mihogo ya kuchoma, akanigawia bila kusema neno, tukala tukiangalia watu wa soko.

"Mama, hauendi? Basi la mwisho linaondoka saa kumi."

"Nalijua."

"Unanisubiri mimi?"

"Nimemsubiri ng'ombe kuzaa siku tatu. Wewe hujafika hata nusu siku."

Akacheka, kwa shida, kama mtu aliyesahau njia. Kisha uso ukamrudi ulivyokuwa. Akaniuliza, "Alikwambia watoto wangu walikuwa wanalia?"

"Aliniambia kwamba aliziba masikio."

"Kumbe alikuwa anasikia," akasema. Akanisindikiza mpaka kwenye basi, akanilipia nauli nikiwa nakataa, na hakuniahidi kitu.

Siku ya saba Baya alifika mapema na wachungaji wawili wenye fimbo, na logbuku ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amevaa kanzu kwa heshima ya biashara. Chome naye alikuwepo, na majirani. Kombe alikuwa ameliosha gari likang'aa. Hakuwa amenisemesha tangu jana.

"Mama Kahaso, amelala salama mgeni wenu?" Baya akauliza. "Amekohoa?"

"Hajakohoa," nikasema, "lakini anatoa chumvi. Kabla ya fujo lilikuwa likifanya kazi gani gari hili, Baya?"

"Si nilisema? La sokoni."

"Lilivuta maboti."

Kicheko kikamtoka, ila macho hayakucheka. "Nani kakwambia, mbuzi?"

Watu wakacheka. Kombe hakucheka. "Bibi, tumeshaongea," akasema kwa sauti ya chini. "Kama kuna kutu nitaichomelea. Fungua zizi." Nami nikaona kwamba anajua. Tangu siku ile ya magamba alikuwa anajua, na alikuwa tayari kulichukua hivyo hivyo, awapakie wale wazee humo, kuliko kwenda kusimama mbele ya mtu mmoja tu pale Kombani.

Nikaenda nikasimama kwenye mlango wa zizi. Nikasema, "Sifungui."

"Bibi, unaniaibisha."

"Nakuaibisha, ndiyo."

Chome akaanza kunikaripia, kwamba mwanamke hazuii biashara ya wanaume, na ghafla akakoma. Mtu alikuwa anakuja kutoka barabarani kwa miguu, mrefu, amebeba mfuko wa vyuma begani. Tangu Agosti ile sikuwa nimeona mtu wa bara akitembea peke yake kwenye njia yetu.

Hakumsalimu Kombe. Alinisalimu mimi, akamsalimu Chome shikamoo, akalala chali chini ya gari kwenye mavi ya mbuzi. Tukasikia anagonga kwa nyundo, mbele, ngo, ngo, sauti ngumu. Akasogea katikati, ikawa kama anagonga boksi. Kisha akasema, "Kombe. Lala hapa uone."

Kombe alisimama kama mti. Nikadhani hatakwenda. Kisha akapiga magoti, akalala, na shati lake la hoteli, ubavuni mwa Dishon. Sisi wa nje tukaona miguu minne tu.

"Shika hii bisibisi. Sukuma hapo. Usigonge. Sukuma tu kwa mkono."

Kukatoka mlio mdogo, kama mtu anakanyaga majani makavu. Mchanga mwekundu ukamwagika chini. Mbuzi, waliokuwa wamesimama pembeni wakingoja, wakasogea.

Walikaa huko chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilisikia sauti ya Kombe inasema kitu, ikakatika, ikasema tena. Sikusikia Dishon akijibu. Kama alijibu, hilo ni lao.

Walipotoka, Kombe alikuwa mwekundu wa kutu usoni, na machozi yamechora mifereji. Akampa Baya ufunguo. "Limekohoa," akasema.

Baya hakubisha. Desturi ilikuwa wazi mbele ya watu, na hata wale wachungaji wake walikuwa wakiinama kulitazama shimo lililotoboka chini ya gari. Akaondoka na gari lake, taratibu sana, analikwepesha kila jiwe. Hapo nikajua kwamba naye tangu mwanzo alijua.

Dishon alikuwa anarudisha vyuma mfukoni. Bila kumtazama mtu akasema, "Ile yangu iliyoungua, injini imekufa, lakini chesisi ni nzima. Haijawahi kuona bahari. Injini inaweza kupatikana Mombasa kwa bei ya ng'ombe wawili, watatu. Miezi mitatu ni michache kwa mtu mmoja."

"Tutakuwa wawili," Kombe akasema.

"Sijasema nakuuzia."

"Najua."

"Na sijasema mengine yameisha."

"Najua, kaka."

Dishon alilisikia lile neno kaka, akatazama upande. Akatwaa mfuko akaanza kwenda. Kombe alinitazama mara moja, kisha akamfuata, hatua kumi nyuma yake, hakuthubutu kumfikia, na Dishon hakumngoja wala hakumfukuza. Walikwenda hivyo hivyo mpaka kwenye kona ya barabara ya Kinango, nikaacha kuwaona.

Januari bado haijafika ninapoandika haya. Kombe analala Kombani kibandani, ananitumia salamu na watu wa basi, kwamba wamekwangua masizi, kwamba wamepata milango, kwamba Dishon sasa humwitikia asubuhi. Ng'ombe wamebaki wanne. Wale Wazungu wameandika tena kuuliza gari ni la rangi gani, na barua ipo hapa kwangu, haijajibiwa.

Pale uwanjani lilipokuwa limesimama gari la Baya, mbuzi wamechimba shimo kwa ndimi. Kila jioni nawafukuza, kila jioni wanarudi.